Wakazi wa Nyumba Namba Saba

Jamhuri ya Kunradhi ni nchi ndogo yenye viongozi wakubwa. Wageni wanaoipitia huisifu kwa uzuri wa barabara inayotoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, na wakishafika Ikulu hawana tena sababu ya kutazama barabara nyingine. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano na haujawahi kuchelewa hata siku moja. Kinachochelewa ni matokeo, kwa kuwa kazi ya kuyapata yanayofaa si kazi ya kulipua.

Katika uchaguzi uliopita kulitokea dosari. Watu wa Bondeni, mtaa wa mabanda na matanuri ya chokaa ulio chini kabisa ya mji, walijitokeza wote kupiga kura, na wote wakampa mpinzani. Mheshimiwa Hiari Masengo, mbunge wa jimbo hilo kwa vipindi vinne, aliponea chupuchupu. Alishinda kwa kura mia moja na nne, zote zilizopatikana katika sanduku moja lililokuwa limesahaulika chini ya meza. Mheshimiwa alihuzunika sana. Hakuhuzunika kwa ajili yake mwenyewe, alisema bungeni huku akijifuta macho, bali kwa ajili ya watu wa Bondeni, ambao hakuna aliyekuwa na uhakika kama wapo.

"Nani anawajua hawa?" aliuliza. "Nyumba zao hazina namba. Maji ya bomba hawana, kwa hiyo bili ya maji hawana. Ndugu zangu wabunge, mtu ambaye serikali haijawahi kumpelekea hata karatasi moja, tutajuaje kuwa yupo?"

Bunge lilisimama likapiga makofi, na Sheria ya Utambulisho Halali na Uthibitisho wa Makazi ikapita alasiri ileile, kabla ya chai.

Ilikuwa sheria ya haki, maana ilimtaka kila raia, mkubwa kwa mdogo, alete vitu vilevile. Kuthibitisha kuwa yeye ni yeye, alete leseni ya bunduki, au kadi ya klabu ya wapanda farasi, au pasipoti yenye mihuri ya nchi zisizopungua tatu. Kuthibitisha anapoishi, alete hati ya kiwanja au bili ya maji yenye jina lake na namba ya nyumba. Vitambulisho vya wastaafu vilikataliwa, na kadi za kliniki, na vyeti vya ndoa. Barua za wajumbe wa nyumba kumi zilipigwa marufuku kabisa, kwa sababu wajumbe wana tabia ya kuwajua watu wao, na hilo lingeweza kuleta upendeleo.

Jambo moja dogo halikutajwa bungeni. Baada ya uchaguzi ujao, mabanda yote ya Bondeni yangebomolewa ili kupisha ujenzi wa Jumba la Makumbusho ya Demokrasia. Mpinzani alikuwa ameahidi kuuzuia. Basi watu wa Bondeni walikuwa na kura hiyo moja tu ya kubakia na paa vichwani mwao.

*

Bi Zamaradi Mahimbo aliisoma sheria hiyo kwenye Gazeti la Serikali, neno kwa neno, kwa mazoea ya kazi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, na amri zote, matangazo yote na makaripio yote ya wilaya yalipitia mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Mumewe, Lugendo Matwiga, alikuwa mtu wa matanuri tangu ujana wake. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, kifua kimembana, masikio yamepungua nguvu, lakini hakuwa amekosa uchaguzi hata mmoja tangu nchi ipate bendera.

"Nipeleke nikaandikwe," alimwambia mkewe. "Wakitubomolea, wasije wakasema mimi nilinyamaza."

Zamaradi aliazima mkokoteni, akatandika kanga mbili, akamlaza mumewe, akamsukuma hadi kituo cha kuandikishia. Hapo aliketi Bwana Sospeta Kijuu, Afisa Mwandikishaji Msaidizi wa Kata, Daraja la Pili, mtu wa makamo mwenye kalamu nne mfukoni na muhuri ambao hakuuachia hata alipokwenda msalani.

Vitambulisho vyao vilikataliwa mara moja. Zamaradi hakushangaa. Alikuwa ameona kwenye sheria kwamba mgonjwa asiyejiweza huweza kutambuliwa kwa alama za vidole peke yake, akaomba mumewe apimwe. Kijuu aliguna, akakishika kidole gumba cha Lugendo, akakibandika kwenye mashine. Mashine ikalia. Akabandika kingine. Ikalia tena.

"Huyu mzee hana vidole," Kijuu alisema.

"Anavyo kumi," alijibu Zamaradi. "Hesabu."

"Vidole vipo, alama ndizo hakuna. Laini tupu! Mashine inaona kama imeguswa na kijiko." Akawageukia makarani wenzake. "Jamani, njooni mwone. Kijiko kinataka kupiga kura!"

Chokaa ilikuwa imezila alama za vidole vya Lugendo miaka mingi iliyopita, kama ilivyozila za wenzake wote wa matanurini. Makarani walikuja wakamzunguka, mmoja baada ya mwingine wakavibonyeza vile vidole, wakicheka hadi kushikana mabega. Na Lugendo, asiyesikia vizuri, alidhani wanamwamkia. Akacheka nao. Akawashika mikono kwa furaha, kila mmoja, akisema, "Marahaba, wanangu. Marahaba."

Hapo ndipo kitu kilipokaza ndani ya Zamaradi, na hakikulegea tena.

Waliambiwa warudi kesho. Walirudi kesho, na kesho kutwa, na mara ya nne waliachwa juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, ndipo Kijuu akatoka nje kutangaza kwamba mashine imekwenda kupumzika. Lugendo alirudi nyumbani akiwa hawezi kushikilia kikombe.

"Wameshaniandika?" aliuliza siku ya Jumanne.

"Wamekuandika," Zamaradi alimdanganya.

"Vizuri," alisema Lugendo. Jumatano akafa.

*

Tume ya Kura Safi, iliyosimamia uandikishaji, haikuwa na ubaya na mtu. Ilikuwa tu imejiwekea lengo kwamba kila kata iandikishe asilimia mia moja na mbili ya watu wake, na Bwana Kijuu, baada ya kuwafukuza watu wa Bondeni kwa juhudi zote, alijikuta na asilimia kumi na nane. Alipiga simu kwa Mheshimiwa Masengo kuomba ushauri. Walichoshauriana hakijulikani, lakini kesho yake Kijuu alionekana akitoka ofisi ya kata na kitabu cha vibali vya mazishi kwapani.

Daftari la wapigakura lilipobandikwa ukutani kwa ukaguzi wa umma, lilibandikwa juu sana, karibu na dari, ili lisichafuliwe na umma. Zamaradi alikwenda na kigoda. Hakutegemea kuona jina lolote la Bondeni. Alitaka tu kuhakikisha kwamba hawapo, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeamini jambo mpaka alisome.

Alilikuta jina la mumewe kwenye ukurasa wa tatu.

*Matwiga, Lugendo. Miaka 71. Hali: Yupo. Alama za vidole: Safi kabisa. Makazi: Nyumba Na. 7, Barabara ya Uadilifu, Mlimani.*

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Jina lilikuwa palepale. Akaendelea kusoma. Chini ya Lugendo aliandikwa mama mzazi wa Bi Staamili, jirani yao muuza maandazi, mama aliyezikwa mwezi huohuo. Kisha mzee wa msikitini. Kisha mabinti wawili waliofia uzazini mwaka uliotangulia. Aliwahesabu, kidole hewani, shingo ikimuuma. Marehemu mia mbili na kumi na watatu wa Bondeni, watu aliowapikia na kuwazika, wote walikuwa wakazi wa Nyumba Namba Saba, Barabara ya Uadilifu. Ilikuwa nyumba ya Mheshimiwa Hiari Masengo. Mashine ilikataa anwani isiyo na namba ya nyumba, na Kijuu alikuwa akiijua namba moja tu kwa moyo.

Zamaradi hakulia. Alishuka kigodani, akaenda nyumbani, akalichukua Gazeti la Serikali, akalisoma upya tangu kifungu cha kwanza. Miaka ishirini na saba ilikuwa imemfundisha kwamba wakubwa wakijiwekea mlango wao, huuficha katikati, pale msomaji anapoanza kusinzia. Aliukuta kwenye kifungu cha kumi na nne, aya ya c:

*Mwanandoa, mzazi au mtoto wa mpigakura aliyekwisha kuandikishwa atahesabiwa kuwa mkazi wa anwani ya mpigakura huyo, kwa kiapo tu, bila kudaiwa kitambulisho wala hati nyingine yoyote.*

Kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya watoto wa wabunge wanaosoma ng'ambo, wasisumbuliwe.

Alivuka uchochoro akamkuta Bi Staamili, mwanamke wa mwili na sauti, anageuza maandazi.

"Shoga, ipua," alimwambia. "Mama yako amehamia Mlimani."

*

Wiki ya marekebisho ya daftari ilipofunguliwa, Bwana Kijuu alifika kazini akakuta foleni iliyopinda kona mbili. Wa kwanza alikuwa Zamaradi, amevaa kaniki ya eda, mikono ameifumbata.

"Wewe tena?" Kijuu alisema. "Jina?"

"Zamaradi Mahimbo."

"Kitambulisho?"

"Sina kinachokubalika."

"Makazi?"

"Nyumba namba saba, Barabara ya Uadilifu."

Kijuu alicheka, akawaita makarani waje wasikie. "Unaishi kwa Mheshimiwa? Wewe? Unalala chumba gani, cha mbele au cha bwawa la kuogelea?"

"Mume wangu anaishi huko. Umemwandika mwenyewe, ukurasa wa tatu. Mimi ni mkewe, na kifungu cha kumi na nne, aya ya c, kinasema nakaa alipo."

"Mumeo si alif—" Kijuu alianza, kisha mdomo ukabaki wazi.

Foleni nzima ilisogea mbele.

"Malizia, bwana afisa," Zamaradi alisema taratibu. "Watu wote hawa wanakusikiliza. Mume wangu alifanya nini?"

Kijuu aliushika muhuri wake kwa mikono miwili. Aliwatazama wale makarani, nao wakatazama dari.

"Ali... alihama," alisema.

"Naam. Alihama. Basi na mimi nimemfuata. Piga muhuri."

Alipiga. Bi Staamili akasogea mezani na kusema kwamba yeye ni bintiye Bi Tabu Ngwasa, wa nyumba namba saba. Kijuu akapiga muhuri. Akaja mgane mmoja. Akaja baba wa wale mabinti wawili, akasimama pale mezani, akimwangalia tu afisa usoni hadi muhuri ukapigwa. Siku ya tano ilipokwisha, wakazi hai wa Nyumba Namba Saba walikuwa wamefikia mia sita na arobaini na mmoja, na mkono wa Bwana Kijuu ulikuwa umevimba.

Lakini Kijuu naye hakuwa mjinga. Kifungu cha kumi na sita kilisema kwamba Tume yaweza kukagua makazi, na asiyekutwa kwenye anwani yake afutwe. Akatangaza ukaguzi siku ya Jumamosi. Marehemu alikwisha kuwawekea alama ya "yupo" mapema, ofisini. Hao wengine, alijisemea, watapitaje geti la Mheshimiwa?

*

Walipita Ijumaa, saa tatu asubuhi, na magodoro kichwani.

Zamaradi aliichagua saa hiyo kwa sababu gazeti lilikuwa limeandika kwamba Mheshimiwa atawaandalia staftahi waangalizi wa uchaguzi kutoka nchi jirani. Walikuwepo bustanini, kumi na wawili, wamevaa vizibao vya bluu, na wapiga picha wa televisheni wamewazunguka. Mlinzi wa geti alipoona watu mia sita wanapanda mlima na masufuria, alifungua kinywa kuuliza, akaishia kufungua geti.

Mheshimiwa Masengo alitoka mezani na kitambaa cha kulia shingoni.

"Ninyi ni nani?" alifoka.

"Wakazi wenzako," alijibu Zamaradi. "Samahani tumechelewa kuhamia."

Akamkabidhi nakala ya daftari, yenye muhuri. Mheshimiwa alisoma mistari miwili, akawa wa rangi ya majivu. Alimpigia simu Kijuu papo hapo. Walio karibu walisikia sauti ndogo ikitoka kwenye simu, ikisema, "Usiwafukuze, Mheshimiwa, ukiwafukuza wataulizia wale wengine... wale... waliohama..."

Mwangalizi mmoja, mama mwenye daftari mkononi, alisogea. "Mheshimiwa, ni kweli wananchi hawa wameandikishwa nyumbani kwako?"

Kamera ziligeuka. Na hapo lazima tumsifu Mheshimiwa Masengo, kwa kuwa kiongozi wa kweli hujulikana wakati wa shida. Alikitoa kitambaa shingoni, akakikunja, akapanua mikono.

"Ni kweli!" alisema. "Wananchi wenzangu, mbunge ni nini? Mbunge ni paa. Nilipoona wanyonge wa Bondeni hawana anwani, niliwapa yangu. Nyumba hii si ya Hiari Masengo. Nyumba hii ni ya wananchi!"

"Asante, Mheshimiwa," alisema Zamaradi. "Basi nionyeshe chumba cha mume wangu."

"Cha nani?"

"Lugendo Matwiga. Ameishi hapa tangu Machi, kwa maandishi yenu ninyi. Nataka nikae chumbani kwake."

Kamera zilikuwa bado zinawaka. Mheshimiwa alimpeleka mwenyewe, amemshika mkono, akitabasamu hadi fizi, akampa chumba cha kusomea chenye kochi la ngozi na picha yake mwenyewe ukuta mzima. Zamaradi aliigeuza picha ikatazama ukuta, akatandika mkeka.

Walikaa siku tisa. Nguo za ndani za Bondeni zilianikwa kwenye ua wa maua mbele ya nyumba. Bi Staamili alikaanga maandazi kwenye veranda, akawauzia polisi waliotumwa kulinda nyumba dhidi yake. Watu walitawadha kwenye bwawa la kuogelea, na kwaya ya matanurini ilifanya mazoezi chini ya dirisha la Mheshimiwa kila alipojaribu kulala mchana. Mke wa Mheshimiwa alihamia hotelini siku ya pili. Na kila asubuhi Mheshimiwa aliposhuka kunywa chai, alimkuta Zamaradi ameketi kwenye kiti cha mkabala na chake, amefumbata mikono, anamtazama.

"Unataka nini, mama?" alimuuliza siku ya sita, sauti imepasuka. "Niambie. Kiwanja? Kazi kwa wanao?"

"Nakuangalia tu," alisema Zamaradi. "Kunywa chai yako."

*

Siku ya kupiga kura, kila marehemu alikuwa amepewa mtu wa kumpigia. Watu hao walikuwa wameletwa kwa malori kutoka jimbo jingine, kila mmoja na kadi mfukoni, na wameelekezwa waseme kidogo. Walichokosa kuambiwa ni kwamba kwenye foleni hiyohiyo watasimama wajane.

Zamaradi alikuwa anamtazama mwanamume mmoja wa miaka kama thelathini, mwenye kofia nyekundu na kifua cha mbeba mizigo. Karani wa kituo alisoma kadi yake kwa sauti: "Lugendo Matwiga!"

Na Zamaradi, ambaye hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipiga ukelele uliowatoa watu madukani.

"Mume wangu! Jamani, Lugendo wangu karudi!" Akamrukia, akamng'ang'ania shingoni. "Umerudi na meno yote! Kifua kimepona! Ulikuwa wapi, baba, na mimi nimekaa eda?"

"Mama, niachie," alisema yule mtu, jasho linamtoka. "Mimi nimetumwa tu."

"Hata sauti imekuwa nzuri! Njoo nyumbani nikukande mgongo!"

Nyuma yao Bi Staamili alikuwa amemkumbatia bwana mmoja mwenye masharubu, akimlilia, "Mama! Mamaangu mzazi!" Mgane mwingine alimpigia magoti kijana wa miraba minne na kumwomba mkewe msamaha kwa ugomvi wao wa mwisho. Msimamizi wa kituo alipekua kitabu cha sheria, hakuona kifungu kinachomzuia mke kumwamkia mumewe. Yule wa kofia nyekundu alijichomoa, akaiacha kofia mikononi mwa Zamaradi, akatimua mbio. Waliobaki kwenye malori waliposikia yanayowapata wenzao, walizitupa kadi mtaroni na kumwomba dereva awashe gari.

Mheshimiwa Hiari Masengo alishindwa kwa kura mia tatu tisini na mbili. Wasimamizi walitafuta chini ya meza zote, lakini safari hii walikuta wanawake wa Bondeni wamekaa huko tangu asubuhi.

*

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Mheshimiwa alikuwa amenuniwa na mkewe, bwawa lake limekuwa na rangi ya chai, na kila akifumba macho alimwona yule mama aliyefumbata mikono. Akakimbilia mahakamani, wakili wake akimshika koti. Alitaka kura za wale mia sita na arobaini na mmoja zifutwe.

Hakimu Asteria Mbwiga alikuwa mwanamke mdogo, mwenye mafua, aliyefungua karatasi polepole. Alimwapisha Mheshimiwa.

"Unasema hawakuwa wakazi wa nyumba yako?"

"Naapa, mheshimiwa hakimu. Naapa kwa kila kitakatifu. Katika nyumba ile naishi mimi, mke wangu na mpishi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuishi pale!"

"Watu watatu."

"Watatu tu!"

Hakimu alipenga kamasi. "Basi hawa mia mbili na kumi na watatu walioandikwa kabla yao ni akina nani?"

Wakili wa Mheshimiwa alisimama kuomba kesi iahirishwe, akaketi, akasimama tena. Jibu likaja lenyewe. Mtaalamu wa mashine aliitwa, akaeleza kwamba wapigakura wote mia mbili na kumi na watatu wana vidole vilevile kumi, na kovu lilelile kwenye cha shahada cha kulia. Bwana Kijuu alikuwa ameketi mstari wa pili. Aliuingiza mkono wa kulia mfukoni, lakini askari alikwisha mwona.

Kijuu alisema ametumwa na Mheshimiwa. Mheshimiwa alisema hamjui mtu huyu. Kijuu akatoa simu na kuanza kuzisoma jumbe, na Mheshimiwa akakumbuka ghafla kwamba anamjua kidogo. Kufungwa kwao kulikuja baadaye, miaka saba mmoja na mitano mwingine, na nchi nzima iliona kwenye televisheni. Jumba la Makumbusho ya Demokrasia halikujengwa. Tume ilieleza kwamba utafiti umegundua hakuna vitu vya kutosha vya kuweka ndani.

Lakini Zamaradi hakukisubiri kifungo. Siku ileile, kabla hakimu hajafunga faili, alisimama akaomba kusema.

"Mheshimiwa hakimu, afisa huyu aliwaandika watu wetu kimyakimya. Naomba awasome kwa sauti. Mmoja mmoja. Na sisi wenyewe tumjibu walikufa lini."

"Mama, ni majina mia mbili na kumi na matatu," alisema hakimu.

"Sisi tumezoea foleni."

Hakimu alifungua ukurasa wa kwanza. Kisha akalisukuma daftari mbele ya Kijuu.

Kijuu alianza haraka, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Lakini kila jina mtu alisimama. "Alikufa Ijumaa, wakati wa kupukuchua mahindi." "Alikufa njiani, tunampeleka hospitali." Baba wa wale mabinti wawili alisimama mara mbili, na mara ya pili ilibidi ashikwe kiwiko. Kijuu akapunguza mwendo. Alipofika jina la sitini sauti ilikuwa imekauka, akaomba maji. Karani alinyanyua jagi, akaona nyuso za watu waliojaa ukumbini, akalirudisha mezani.

Jina la mia na kumi na nane lilimkwama. Alilitazama, akamtazama mama wa kaniki kwenye benchi la mbele, akalinong'ona.

"Sikusikia," alisema Zamaradi.

"Lugendo Matwiga," alisema Kijuu.

"Bado sijasikia."

Kijuu alimgeukia hakimu kwa macho ya kuomba. Hakimu alikuwa anapenga kamasi.

"Lugendo Matwiga!" alipiga kelele, na sauti ikamkatika katikati, na machozi yakaanza kumshuka mbele ya ukumbi mzima.

Zamaradi aliinuka. Aliiweka sawa miwani yake ya uzi. Hakuona huruma moyoni mwake. Aliitafuta, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, na haikuwepo.

"Alikufa Jumatano," alisema, "saa tatu na nusu asubuhi, amenishika mkono."

Akaketi. Kijuu alikuwa amelaza kipaji cha uso juu ya daftari, mabega yakimtikisika.

"Endelea," Zamaradi alimwambia. "Bado tisini na watano."